Sheikh Saadi wa Shiraz na Fundisho la Sitiari

Kila mwalimu wa shule ya msingi, siku moja au nyingine, husimama mbele ya ubao na kuandika juu yake kichwa cha insha. Watoto huinamisha vichwa, kalamu huanza kukwaruza karatasi, na kengele inapolia daftari hukusanywa. Mwalimu akikaa kuzisahihisha hukuta kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, mama ni taa ya nyumba, na wakati ni mali. Hayo huyakuta katika daftari ya kwanza, na ya pili, na ya arobaini. Hapo hana budi kujiuliza: Je, watoto hawa wamefikiri, au wamekariri tu?

Katika makala haya nakusudia kulijadili swali hilo kwa kueleza maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia saba iliyopita, naye ni Sheikh Saadi wa Shiraz, mshairi na mwandishi wa Kiajemi. Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Kwanza, ni waandishi wachache mno duniani ambao vitabu vyao vimetumika kufundishia vijana kuandika kwa muda mrefu kama vyake. Pili, maisha yake yanatuonyesha waziwazi mahali sitiari inapozaliwa, na jinsi inavyoweza kufa ikiwa mikononi mwa walimu.

Kabla ya kuendelea yafaa tukumbushane maana ya sitiari. Tukisema kwamba Juma ni kama simba, tumetumia tashbihi. Tukisema kwamba Juma ni simba, tumetumia sitiari. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na fundisho hilo si kosa. Walakini halitoshi. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, George Lakoff na Mark Johnson, walitoa kitabu walichoeleza ndani yake kwamba sitiari si pambo la washairi peke yao, bali ni njia ya kufikiri ambayo kila mtu huitumia kutwa kucha pasipo kujua. Tunaposema kwamba mtu amepoteza wakati, au ametumia muda wake vibaya, tumekwisha kuufanya wakati kuwa mali. Tunaposema kwamba kijana amepotoka, au kwamba mzee amefika mwisho wa njia yake, tumekwisha kuyafanya maisha kuwa safari. Sitiari ya namna hii huitwa sitiari ya dhana, kwa kuwa jambo tusiloweza kulishika kwa mkono, mathalani wakati au maisha au huzuni, hulifikiria kwa kulitazama kama jambo jingine tunaloliona na kulishika. Sasa tumfuate Saadi.

Pete na tende

Saadi alizaliwa yapata mwaka 1210 katika mji wa Shiraz, jimbo la Fars, kusini-magharibi ya nchi iitwayo Iran leo. Jina lake la heshima lilikuwa Muslihuddin. Saadi ni jina alilojipa la ushairi, kwa kumbukumbu ya watawala wa Fars wa ukoo ambao baadhi yao waliitwa Saad. Baba yake alifariki angali mtoto, na uchungu wa uyatima aliuandika baadaye kama mtu aliyeuonja mwenyewe.

Mambo machache aliyoyahifadhi juu ya baba yake yanatufaa sana sisi walimu. Akiwa mtu mzima alisimulia kwamba alipokuwa mdogo baba alimnunulia ubao wa kuandikia, daftari, na pete ya dhahabu. Siku moja mtu mmoja akamlaghai kwa kumpa tende, na mtoto akamwachia pete. Tende ilikuwa tamu, na mtoto hakujua thamani ya dhahabu. Kisa kinaishia hapo. Lakini Saadi hakukiacha kiishie hapo. Aliwageukia watu wazima na kuwaonya kwamba wao nao wanautoa umri wao, ulio pete, kwa ajili ya starehe fupi, iliyo tende.

Katika kisa cha pili alieleza kwamba siku ya sikukuu alitoka pamoja na baba yake. Baba alikuwa amemwambia ashike upindo wa nguo yake asiuachie. Mtoto akavutwa na michezo ya watu, akauachia, akapotea katika umati na kupiga kelele kwa hofu. Baba alipomwona alimvuta sikio na kumkemea. Hapo tena Saadi mzee aliichukua siku ile ya utoto na kuifanya kioo cha maisha yote: mwanadamu ni mtoto njiani, na asiyeshika upindo wa wenye hekima atapotea.

Tuvitazame visa hivi viwili kwa jicho la mwalimu. Sitiari zilizomo si ngeni. Umri ni mali, na maisha ni safari. Zote mbili zimo katika Kiajemi, katika Kiarabu, na katika Kiswahili chetu. Saadi hakuzibuni. Kilicho chake ni ile pete, ile tende, na ule upindo wa nguo. Alichukua wazo ambalo kila mtu alikuwa nalo, akalijaza kitu kilichompata yeye mwenyewe. Ndiyo maana msomaji wa Shiraz aliyekwisha kusikia mara elfu kwamba umri ni mali, alishtuka alipoona unauzwa kwa tende moja.

Baghdad na safari

Alipokuwa kijana alikwenda Baghdad kusoma katika chuo cha Nidhamiya, kilichofunguliwa mwaka 1067 na ambacho sifa zake zilikuwa zimeenea katika nchi zote za Kiislamu. Hapo alipewa posho ya wanafunzi, na kwa maelezo yake mwenyewe kazi yake usiku na mchana ilikuwa kufundishwa na kukariri. Jambo hili tusilisahau, maana baadhi ya walimu siku hizi hudhani kwamba kukariri na kufikiri ni maadui. Saadi alikariri sana. Lugha ya wengine ilimjaa kifuani kabla hajaisema lugha yake.

Wakati huo nchi za mashariki zilikuwa katika msukosuko. Majeshi ya Wamongoli yalikuwa yamezivamia tangu mwaka 1219, na miji mikubwa ilikuwa imeangamizwa. Baada ya masomo Saadi hakurudi nyumbani, bali alitembea kwa miaka mingi. Alihiji Makka, alikaa Damascus, alipita Baalbek na Halab. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba Wafaranga walimteka na kumpeleka Tripoli ya Sham, ambako alichimba mahandaki pamoja na Wayahudi, hata mtu mmoja wa Halab alipomkomboa kwa dinari kumi na kumwoza binti yake. Wataalamu hawakubali kwamba kila kisa cha safari zake kilitukia kama alivyokisimulia, kwa kuwa alikuwa msimulizi aliyetaka funzo kuliko tarehe. Hata hivyo, hakuna anayekataa kwamba alikuwa ameona mengi: masoko, misafara, misikiti, magereza, na makasri.

Katika kisa kimoja alieleza kwamba alikuwa hana viatu wala fedha ya kununulia, akanung'unika moyoni, mpaka alipoingia msikiti wa Kufa na kumwona mtu asiye na miguu. Katika kingine alijieleza akiwa katika msikiti mkuu wa Damascus, karibu na kaburi la Nabii Yahya. Mfalme mmoja dhalimu aliingia kusali, akamwomba Sheikh amwombee dua kwa sababu alikuwa akimwogopa adui mwenye nguvu. Saadi alimjibu kwamba dawa ya hofu yake ni kuwahurumia raia walio dhaifu. Hapo ndipo alipoiweka ile sitiari yake iliyo mashuhuri kupita zote, ya wanadamu kuwa viungo vya mwili mmoja, ambao kimoja kikiumia vingine havipati raha.

Wazo la jamii kuwa mwili mmoja lilikuwako zamani kabla ya Saadi. Waislamu walilijua kutoka katika hadithi za Mtume. Lakini yeye hakulitoa hewani kama pambo. Alilielekeza kwa mtu mwenye mamlaka aliyekuwa akiwatesa watu, akalipanua liwaguse wanadamu wote. Sitiari ilifanya kazi pale ambapo amri isingefaa, maana mfalme haamrishwi, ila anaweza kuonyeshwa mkono wake mwenyewe ukitoka damu.

Kasri na bustani

Yapata mwaka 1256 Saadi alirudi Shiraz. Mtawala wa Fars, Abu Bakr bin Saad, alikuwa amewanunulia watu wake amani kwa kuwalipa Wamongoli kodi, na mji ulikuwa salama. Mwaka 1257 Saadi alimaliza kitabu chake cha kwanza kikubwa, kilichoandikwa kwa mashairi, ambacho jina lake ni Bustan. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haja ya kufasiriwa jina hilo, kwani neno bustani limetoka huko huko katika Kiajemi, sawa na maneno bandari, nanga, pamba na serikali.

Katika utangulizi wa kitabu hicho alieleza kwamba msafiri hapendi kurudi kwa rafiki zake mikono mitupu. Watu wakitoka Misri huleta sukari; yeye hakuwa na sukari, lakini alikuwa na maneno. Kisha akakifananisha kitabu na kasri lenye milango kumi ya malezi, kwa kuwa kina sura kumi. Kwa hiyo katika kurasa chache tu kitabu kimekuwa zawadi ya safari, sukari, jengo, na bustani. Kila moja ya sitiari hizo ina kazi yake. Zawadi inatuambia habari za anayepewa. Sukari inatuambia habari za ladha. Jengo linatuambia habari za mpango. Bustani inatuambia habari za kukua.

Mwaka uliofuata, 1258, alitoa kitabu cha pili, Gulistan, maana yake bustani ya mawaridi. Hiki ni cha hadithi fupi za nathari zilizochanganywa na mashairi, nacho kina sura nane, idadi iliyowakumbusha wasomaji wake milango minane ya Pepo. Alieleza kwamba alikuwa amekata shauri la kujitenga na watu na kunyamaza, akiona umri wake umeyeyuka kama theluji juani. Rafiki yake mmoja akaja, wakatoka pamoja wakalala katika bustani. Asubuhi rafiki alijaza maua katika upindo wa nguo yake ayapeleke mjini. Saadi akamwambia kwamba maua hayo yatanyauka baada ya siku chache, na kwamba yeye ataandika kitabu kitakachokuwa bustani isiyofikiwa na upepo wa kipupwe. Rafiki aliyatupa maua.

Mwaka huo huo wa 1258, Wamongoli waliuteka mji wa Baghdad, wakamwua Khalifa, na mji aliosomea Saadi ukaharibiwa. Aliuombolezea kwa mashairi ya Kiarabu na ya Kiajemi. Tukikumbuka jambo hilo, ile sitiari ya bustani isiyonyauka hatuioni tena kuwa maneno matamu ya mtu aliyestarehe. Ilikuwa imani ya mtu aliyeona kwamba miji huchomwa, vyuo huvunjwa, na kitakachobaki ni kile kilichoingia katika vichwa vya watoto.

Kutoka bustanini hadi darasani

Kilichotukia baadaye kinatuhusu moja kwa moja. Gulistan iligeuka kuwa kitabu cha shule. Kuanzia nchi za Waturuki wa Uthmani hadi India, mtoto aliyekwisha kujifunza herufi alipewa Gulistan aisome, aikariri, na ainakili kwa mkono ili apate mwandiko mzuri na lugha nzuri. Mwaka 1634 sehemu zake zilitafsiriwa kwa Kifaransa, na katika India Kiajemi kilikuwa lugha ya mahakama na ofisi hadi miaka ya 1830, hata maofisa wa Kiingereza waliisoma Gulistan ili wapate kazi. Mshairi Jami wa Herat alikuwa akimfundisha mwanawe mdogo kwa kitabu hicho, na kwa ajili yake akaandika kingine cha kukifuata, Baharistan, mwaka 1487. Kitabu chake nacho ni bustani, nacho kina sehemu nane.

Hapa ndipo penye faida na hatari kwa pamoja. Faida ni kwamba vijana wa mataifa mengi walipata kipimo cha Kiajemi kilicho safi na kifupi. Hatari ni kwamba, mtoto akinakili waridi la Saadi kwa miaka mingi, huenda asilitazame tena ua linaloota mlangoni pake. Kitabu kilichozaliwa kwa sababu mtu alitazama kilianza kutumika kuwafundisha watu kutotazama.

Mpaka leo shule za Iran zina somo la insha, na kuna kichwa kimoja ambacho kila mtu mzima wa nchi hiyo hukitaja kwa kucheka: Je, elimu ni bora kuliko mali? Kijana wa miaka 13 au 14 anayekaa kukiandikia kichwa hicho hukuta njia imekwisha kulimwa. Elimu ni nuru na ujinga ni giza. Elimu ni hazina isiyoibiwa. Anaweza kuijaza karatasi pasipo kuuliza kama katika mtaa wao mwenye elimu anaheshimiwa kweli kuliko mwenye duka. Saadi mwenyewe, katika Gulistan, aliandika mabishano marefu baina yake na mtu mwingine juu ya matajiri na maskini, wakatukanana na kuraruana nguo, mpaka kadhi akawapatanisha. Hakuimaliza hoja kwa sitiari ya nuru.

Hata hivyo tusiseme kwamba kijana huyo hana sitiari zake. Lugha yake imejaa sitiari kabla hajaishika kalamu. Akimkumbuka rafiki aliye mbali, Kiajemi humfanya aseme kwamba moyo wake umebana, kana kwamba moyo ni chumba kilichopungua nafasi. Akimtaja mtoto apendwaye na wazazi, husema kwamba ni kipande cha ini lao. Sisi nasi tuna moyo mzito, moyo mweupe, na moyo uliojaa. Tofauti za namna hii ni mali kubwa kwa mwalimu wa lugha, maana zinaonyesha kwamba mwili wa mwanadamu ni mmoja, lakini kila lugha imechagua kiungo chake cha kutunzia huzuni na mapenzi.

Naomba ruhusa nitoe mfano wa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikifundisha darasa la sita, niliwapa watoto insha juu ya mwaka wa ukame. Mmoja wao aliandika kwamba mvua ya mwaka ule ilikuwa mdeni. Waliiona ikija kwa mbali, kisha ikawaona, ikakata njia nyingine. Nilipiga mstari wa wino mwekundu, nikaandika pembeni kwamba mvua haiwi mdeni, na nikamsahihishia kwamba mvua ilikuwa haba. Sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi, wala haikuwa na kitu kingine chochote. Mtoto yule aliendelea kuandika insha safi hadi mwisho wa mwaka, zenye ufunguo wa maisha na taa ya nyumba, na hakuandika tena jambo la namna ile. Alikuwa ameleta pete, nami nikamwachisha kwa tende.

Mti mbichi na samaki mbichi

Imebaki sehemu moja ya kazi ya Saadi ambayo mwalimu hawezi kuipita, nayo ni sura ya saba ya Gulistan, inayohusu malezi na athari zake. Humo ameandika kwamba mti mbichi hupindwa utakavyo, ila mkavu haunyooshwi ila kwa moto. Msomaji wetu ataikumbuka mara moja methali yetu ya samaki anayekunjwa angali mbichi. Bahari imetupa samaki, na nchi ya bustani imempa Saadi mti, lakini sitiari ya dhana ni moja: mtoto ni kitu kilaini, na mwalimu ni mkono unaokipa umbo.

Lakini katika sura ya kwanza ya kitabu hicho hicho kuna kisa cha mtoto wa mnyang'anyi aliyelelewa na waziri kwa wema, kisha akamwua mfadhili wake. Hapo Saadi anasema kwamba mtoto wa mbwamwitu huishia kuwa mbwamwitu, na kwamba mvua ile ile huotesha maua bustanini na magugu katika ardhi ya chumvi. Sitiari hii ni kinyume cha ile ya kwanza. Ya mti mbichi humtia mwalimu tumaini. Ya mbwamwitu humpa ruhusa ya kukata tamaa. Zote mbili ni za mwandishi mmoja, na zote mbili huvutia zinaposomwa.

Katika sura ya saba kuna pia kisa cha mwalimu mkali wa nchi za Magharibi aliyewatesa wanafunzi, akafukuzwa, na mahali pake akawekwa mtu mpole. Watoto wakaacha masomo wakawa wanavunjiana mbao za kuandikia vichwani, hata yule mkali akarudishwa, na kisa kinampa haki. Hapa yatupasa kuachana na Saadi kwa heshima. Aliandika kwa desturi ya zama zake, ambapo mwalimu asiye na fimbo hakuonekana kuwa mwalimu. Tena tunaweza kuona jinsi sitiari ilivyomsaidia kufika huko. Ikiwa mtoto ni mti, mti hauna maneno ya kusema unapopindwa. Ikiwa ni samaki, samaki haulizi kwa nini anakunjwa. Kila sitiari huangaza upande mmoja na kuutia giza upande wa pili, na upande uliotiwa giza na mti na samaki ni huu: mtoto ana nia yake, na anamtazama yule anayemkunja.

Kwa hiyo sitiari haziko katika daftari za watoto peke yake. Ziko pia katika kichwa cha mwalimu, nazo humwongoza mkono. Mwalimu anayeliona darasa kuwa mitungi mitupu atamimina. Anayeliona kuwa kundi la mifugo atachunga. Anayeliona kuwa bustani atauliza kila mche unahitaji nini.

Namna ya kufundisha

Kutokana na maisha hayo napendekeza mambo manne kwa mwalimu anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Kwanza, asidharau kukariri. Awape watoto methali na misemo mingi, maana asiye na maneno ya wengine hawezi kupata ya kwake. Saadi alikariri kwanza.

Pili, kila sitiari iliyozoeleka aifumbue pamoja na watoto. Wakisema elimu ni ufunguo, awaulize: mlango ni upi? Nani aliufunga? Kuna nini ndani? Je, kuna mtu mwenye ufunguo na bado yuko nje? Maswali hayo hayataki vifaa wala gharama, nayo hugeuza maneno yaliyokufa kuwa hoja.

Tatu, awaagize waijaze sitiari ya zamani kwa kitu cha kwao. Akiandika ubaoni kwamba wakati ni mali, aombe kila mtoto aeleze siku moja aliyouza kitu cha thamani kwa kitu kidogo. Mtoto wa mvuvi ataleta ndoana, wa mkulima ataleta mbegu, wa dereva ataleta mafuta ya gari. Mwalimu atakuwa amepata pete arobaini mahali pa ufunguo mmoja.

Nne, anaposahihisha, atofautishe kosa la lugha na ugeni wa wazo. Mahali ambapo sentensi ina sarufi nzuri lakini inamshangaza, asipige mstari. Amwite mtoto na kumwuliza alichokiona. Ikiwa mtoto ana jibu, sentensi ibaki.

Mwisho wa Sheikh

Katika uzee wake Saadi aliishi Shiraz akiheshimiwa na wakubwa na wadogo. Wanahistoria wa India wameandika kwamba mwana wa mfalme wa Delhi, aliyekuwa gavana wa Multan, alimwalika zaidi ya mara moja, naye akajitetea kwa uzee. Alifariki Shiraz yapata mwaka 1292. Kaburi lake lipo ndani ya bustani, na jengo linaloonekana juu yake sasa lilikamilika mwaka 1952. Kila mwaka, siku ya kwanza ya mwezi wa Ordibehesht, ambayo kwa kawaida huangukia tarehe 21 Aprili, Wairani humkumbuka, na vipande vya kazi zake vingali katika vitabu vya shule.

Kumheshimu mtu wa namna hii kwa kuwafanya watoto wanakili mawaridi yake si heshima kamili. Rafiki yake aliyatupa maua aliyokuwa ameyachuma kwa sababu aliahidiwa kitu kitakachodumu, na kitu hicho kilitoka kwa mtu aliyekuwa ametazama, ametembea, ameumia, na kukumbuka. Mwalimu atakayefungua daftari ya mtoto kesho asubuhi aziangalie kwa makini zile sentensi zinazomtatiza. Huenda moja kati yao ni mvua iliyo mdeni, nayo inangoja kuona kama wino mwekundu utaipita salama.